Makovu Yasiyofichwa





Tangu turudi kutoka safari ya Ulaya wengi wenu mmetuuliza habari zake. Mama mmoja wa Umoja wa Mama alitusimamisha nje ya kanisa baada ya ibada, akauliza waziwazi: "Ni kweli mlikwenda kusujudia sanamu ya Waroma?" Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake ni la haki, nalo lastahili jibu. Mhariri naye ametuomba tuandike. Karatasi hizi zimekaa mezani petu miezi mitatu kabla ya kuletwa kwake, na sababu ya kuchelewa mtaiona huko mbele.

Kabla ya kuendelea, tunawaomba mfungue Biblia zenu. Someni Yohana 20, mstari wa 24 hata wa 29, habari za Tomaso alipoalikwa na Bwana kuyagusa majeraha yake. Kisha someni Luka 2, mstari wa 34 na 35, mahali mzee Simeoni alipomwambia Mariamu habari za upanga utakaompata rohoni. Hayo mawili ndiyo somo letu.

Binti yetu wa mwisho anasoma nchini Poland, katika mji wa Kraków. Mwezi wa Agosti mwaka jana, sisi wawili, mume na mke, tulikwenda kumtazama. Mama mwenye nyumba anamopanga chumba ni mjane aliyepita miaka sabini. Alipojua kwamba tumetoka Tanzania alitaja Tengeru, nasi tukashangaa. Maana wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Siberia, walipewa hifadhi pale Tengeru karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia huko yapo hata leo. Kwa ajili hiyo mama yule alituhesabu kuwa ni jirani zake. Akasema si adabu jirani afike nchini mwao asipelekwe Jasna Góra. Basi tarehe 14 Agosti, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mariamu, tukapanda treni naye kwenda mji wa Częstochowa. Jina hilo liliutaabisha sana ulimi wetu; masikioni ni kama "Chenstohova".

Njiani mama huyo alitueleza habari za nyumba yake, binti yetu akifasiri. Mumewe amekufa. Mwanawe wa kiume hajasema naye kwa miaka sita kwa sababu ya ugomvi wa urithi. Alisema hayo bila kuinamisha kichwa, nasi tuliona haya kwa niaba yake. Kisha akatuuliza: "Na ninyi, Mungu amewajalia watoto wangapi?"

Tukajibu: "Wawili."

Binti yetu alinyamaza. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kisha akafasiri kama tulivyosema. Maana yeye alijua, nanyi mnaotufahamu mnajua, ya kuwa watoto wetu ni watatu.

Tuliacha jambo hilo hapo, treni ikaendelea.

Jasna Góra maana yake ni Mlima Mng'avu. Kwa kweli ni kilima tu, wala watu wa Usambara wasingekiita mlima. Juu yake pana nyumba ya watawa iliyozungukwa na kuta nene kama za boma, na mnara wake una urefu wa mita 106. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1382, mtawala Władysław wa Opole alipowaita watawa wa shirika la Mtakatifu Paulo wa Kwanza, Mkaa Pweke, kutoka Hungaria. Muda mfupi baadaye ililetwa hapo picha ya Mariamu na Mtoto Yesu, iliyochorwa juu ya ubao. Mapokeo yasema kwamba mchoraji alikuwa Luka Mwinjilisti mwenyewe. Hayo ni mapokeo, nasi twayapokea kama mapokeo. Mwaka 1655 majeshi ya Sweden yalikuwa yameiteka sehemu kubwa ya nchi, yakaizingira nyumba hiyo majuma mengi. Watawa na watu wachache, wakiongozwa na mkuu wao Augustyn Kordecki, walikataa kuitoa, na maadui wakaondoka mwisho wa mwezi wa Desemba. Tangu hapo mahali hapo pamekuwa kama moyo wa taifa zima.

Siku tuliyofika ndiyo siku wanayoingia mahujaji waendao kwa miguu kutoka Warsaw. Desturi hiyo ilianza mwaka 1711, baada ya tauni kuupiga mji ule. Wanatembea siku tisa. Tulisimama kando ya barabara pana ielekeayo kilimani, tukawaona wakipita kundi baada ya kundi: vijana wenye magitaa, wazee wenye fimbo, mapadre waliobabuka kwa jua, akina mama wakisukuma vitoto katika vigari. Wengi walikuwa wamefunga vitambaa miguuni kwa malengelenge. Walipofika chini ya kuta walipiga magoti, na wengine wakalala kifudifudi juu ya nchi. Wenye nguo safi siku ile tulikuwa sisi watazamaji, na twakiri kwamba tulijiona tumepungukiwa.

Kuingia katika kanisa dogo lenye picha ilituchukua muda mrefu kwa wingi wa watu. Kuta zake zimejaa vitu vilivyoachwa na waliosaidiwa: mikongojo, mikufu, mioyo midogo ya fedha. Ipo njia nyembamba inayozunguka nyuma ya altare, na watu huipita kwa magoti. Hapo Jasna Góra wamehifadhi pia nishani ya Nobel aliyopewa Lech Wałęsa mwaka 1983, na mshipi wa Papa Yohane Paulo wa Pili wenye tundu la risasi aliyopigwa tarehe 13 Mei 1981. Mfalme, fundi wa melini, Papa na mkulima, wote wameleta kitu chao hapo.

Sasa tuseme habari za picha yenyewe. Kama tulivyozoea darasani, tutayapanga tuliyojifunza kwa hesabu.

La kwanza ni mkono. Uso wa Mariamu ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, hata watu humwita Mariamu Mweusi. Mkono wake wa kushoto umempakata Mtoto, na mkono wa kulia umewekwa kifuani ukimwelekea huyo Mtoto. Mtoto ameshika kitabu, na mkono wake mwingine umeinuliwa kubariki. Wakristo wa Mashariki huita picha za namna hii Mwonyesha Njia. Basi yule mama aliyetuuliza habari za sanamu tunamjibu hivi: hatukuisujudia. Lakini kama jicho la mtu likifuata mkono ule, halikai kwa Mariamu, litafika kwa Mwanawe. Ndivyo alivyofanya kule Kana ya Galilaya, alipowaambia watumishi wamtii Yesu kwa lolote atakalowaagiza. Nasi Waanglikana, ambao kila tusalipo Sala ya Jioni twauimba wimbo wake wa sifa, tusiogope kumheshimu mama aliyesimama chini ya msalaba hali wanaume karibu wote walikuwa wamekimbia.

La pili ni makovu. Katika shavu la kulia la Mariamu pana mikato miwili mirefu iteremkayo pamoja, na mwingine unaoikata kwa juu. Tulidhani ni uchakavu wa ubao, kumbe sivyo. Wakati wa Pasaka mwaka 1430 wanyang'anyi waliivamia nyumba ile, wakaibandua picha, wakang'oa mapambo yake ya thamani, wakaupasua ubao na kuukata uso kwa silaha. Mfalme Władysław Jagiełło aliagiza itengenezwe Kraków. Watu husimulia kwamba kila mafundi walipojaribu kuyafunika makovu kwa rangi, rangi haikushika. Walioichunguza picha katika siku zetu wametuachia neno zito zaidi: mafundi wale walipomaliza kuutengeneza upya uso ulioharibiwa, waliyachora makovu tena kwa chombo chenye ncha, wakayatia rangi nyekundu. Yaani walikuwa na uwezo wa kumpa Mariamu shavu laini lisilo na doa, na kwa makusudi hawakufanya hivyo.

Tafakarini jambo hilo. Bwana wetu alipofufuka katika wafu alikuwa na mwili wa utukufu, mwili upitao milango iliyofungwa. Je, alishindwa kuyafuta matundu ya misumari? Hakushindwa. Aliyaacha, naye aliwatambulisha wanafunzi kwa hayo. Tomaso hakutambua kwa mng'ao wa uso, alitambua kwa jeraha. Hata sisi wa Kanisa letu tunalo fundisho hilo karibu. Kanisa Kuu la Kristo pale Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Na tumefundishwa tangu utoto kwamba altare yake imesimama palipokuwa na mti wa kuwapigia watumwa. Wazee wetu hawakutafuta kiwanja kisicho na historia. Pale palipokuwa na jeraha ndipo walipoweka meza ya Bwana.

La tatu ni fremu tupu. Mwaka 1957 nakala ya picha hii ilianza kupelekwa parokia hata parokia nchini kote. Mwaka 1966 Wapoland waliadhimisha miaka 1000 tangu mtawala wao Mieszko abatizwe. Serikali ya Kikomunisti ya wakati ule haikupendezwa. Papa Paulo wa Sita alizuiwa kuja, na kwenye maadhimisho pale Jasna Góra kiti chake kiliwekwa kitupu. Mwaka ule ule polisi waliikamata ile nakala, ikafungiwa Jasna Góra isitoke tena. Je, Wakristo walifanyaje? Waliichukua fremu yake ikiwa tupu, pamoja na mshumaa na kitabu cha Injili, wakaendelea na safari. Parokia zilitoka kuipokea fremu isiyo na kitu ndani, wakaimba na kusali mbele yake. Walifanya hivyo hata mwaka 1972, nakala ilipotoka tena. Aliyeondolewa hawakukubali kumsahau. Nafasi yake waliibeba wazi mbele ya watu.

Mama mwenye nyumba alitusimulia hayo tukiwa tumekaa nje ya kuta, tukila mkate. Binti yetu alifasiri mpaka mwisho. Kisha akasema nasi kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: "Baba, Mama, leo asubuhi mmenifanya niseme uongo nikiwa njiani kwenda kanisani. Na picha ya kaka pale nyumbani mliitoa pamoja na fremu yake."

Katika chuo cha ualimu tuliwaambia wanafunzi wetu kwa miaka mingi kwamba somo ambalo halijamgusa mwalimu halitamgusa mwanafunzi. Kwa hiyo ndugu, hatuwezi kuishia kwenye mahubiri.

Mzaliwa wetu wa kwanza, ambaye wengi wenu mlimfundisha Katekisimu na kumwona akipokea Kipaimara, alishikwa na ulevi. Alipoteza kazi, kisha akapoteza nyumba yake. Miaka minne iliyopita alikuja kwenye matanga ya bibi yake akiwa amelewa, akapiga kelele mbele ya Padre na wageni. Tulimtoa nje. Tulifunga mlango, tukamwambia asirudi mpaka awe mtu. Tangu siku ile, kila mlipotuuliza habari zake tulijibu: "Yuko Dar es Salaam, kazi zinambana, anawasalimu." Hakuwako Dar es Salaam. Hatukujua aliko, wala hatukumtafuta. Tulisema tunasubiri atubu. Ukweli ni kwamba tuliogopa aibu. Sisi tuliokuwa tukisoma masomo kanisani na kuwashauri wazazi wengine, tungesemaje?

Jioni ile tulimwambia yule mama kwamba watoto wetu ni watatu. Binti yetu alifasiri haraka sana, kana kwamba neno lilikuwa likimsubiri mdomoni. Mama yule hakushangaa wala hakuuliza zaidi. Alitaka jina lake tu. Saa tatu usiku, mahujaji walipokusanyika kwa sala wanayoifanya kila siku saa hiyo, tulimwona akisogeza midomo, na katikati ya Kipoland tulilisikia jina la mwanetu. Katika miaka minne hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia likitajwa katika sala, nalo lilitajwa na mgeni.

Kulipopambazuka tulirudi katika kanisa dogo. Saa kumi na mbili asubuhi tarumbeta zilipigwa pamoja na ngoma, na kifuniko cha picha kikapanda polepole. Kwanza palionekana mavazi na mikono, mwisho nyuso. Katika Misa hatukwenda kupokea Mwili wa Bwana, kwa kuwa umoja wa meza kati ya Kanisa lile na letu haujatimia. Tulibaki tumepiga magoti wakati maelfu wakipita. Hilo nalo ni jeraha, tena halijawa kovu bado. Lakini tusiseme halipo.

Tuliporudi nyumbani tuliitundika picha ya mwanetu ukutani mahali pake. Kisha tukaenda Tanga mjini kumtafuta. Siku ya tatu tulimkuta karibu na soko, akifanya kazi ya hamali. Amekonda. Alitusalimu shikamoo kama alivyofundishwa, tukashindwa kuitikia kwa machozi. Tulikula pamoja wali na maharage kwa mama ntilie, tukamwomba radhi kwa ajili ya mlango ule.

Msitazamie tuwaambie kwamba ameacha pombe. Hajaacha. Tangu hapo amekuja nyumbani mara tatu. Mara mbili hakuwa amekunywa, na mara moja alikuwa amelewa. Mara zote tatu mlango ulikuwa wazi, na mara ile ya ulevi alilala chumbani kwake, asubuhi akanywa uji. Tulimwuliza kama aturuhusu kuandika haya katika gazeti la parokia. Akafikiri kidogo, akasema: "Andikeni. Watu wanajua siku nyingi. Ila ninyi ndio mliokuwa hamjui kwamba wanajua."

Ndugu zetu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tazameni jinsi tunavyosalimiana. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu "njema", nalo ni neno la adabu na la shukrani kwa Mungu. Lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Walisema: "Njema, ila mtoto hajalala." "Njema, ila mvua imetupita." Katika hiyo "ila" jirani alipata mlango wa kuingia na kusaidia. Siku hizi tunaishia kwenye "njema", tumevaa vizuri, tumekaa benchi moja, na kila mmoja amebeba peke yake kilicho kizito. Yuko mwenye mgonjwa asiyemtaja. Yuko mwenye deni lisilompa usingizi. Yuko binti aliyerudi kwa wazazi usiku, na majirani wanaambiwa kwamba amekuja kupumzika.

Hatusemi kila jambo litangazwe. Yako mambo ya Padre peke yake, na yako mambo ya Mungu peke yake. Lakini kila mmoja wetu awe na mtu mmoja katika parokia hii ambaye mbele yake aweza kuitamka ile "ila" yake. Naye atakayeambiwa asiende kuitembeza vijijini. Afanye kama alivyofanya yule mjane wa Kraków: aulize jina, akalitaje katika sala.

Jumapili ijayo, katika maombezi, tutalitaja jina la mwanetu kwa sauti. Nanyi mlio na majina msiyoyataja siku nyingi, tunawaalika muyalete.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyefufuka na majeraha yako, tupe moyo wa kukuonyesha yetu. Wafungulie mlango wale tuliowafungia. Uwaponye kwa wakati wako waliofungwa na ulevi, na utuponye sisi tuliofungwa na aibu. Utujalie kumfuata yule ambaye Mama yako alituonyesha kwa mkono wake, ndiye wewe, uishiye na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.